Siku Prof Barthélemy Alipobadilisha Waya

Barthélemy Cishugi alikuwa mwalimu wa fizikia. Kwa miaka kumi na tisa, katika mtaa wetu wa Nguba, mtu hakununua pasi wala redio yenye mashaka bila kwanza kwenda kumwuliza. Tulimwita Prof, ingawa hakuwahi kufundisha chuo kikuu. Alikuwa mrefu, mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto hamsini kwa mpigo. Mimi nilikuwa nafundisha Kifaransa katika shule hiyohiyo, na darasa langu lilitenganishwa na lake kwa ukuta mwembamba, kwa hiyo habari za umeme nilizisikia zaidi ya nilivyotaka.

Haya ninayasimulia kwa ruhusa yake. Mengine aliniambia yeye mwenyewe, mengine niliyaona. Na mengine, nitayafikia, niliyafanya mimi.

Ilikuwa mwaka 2001, mji wetu wa Bukavu ukiwa mwaka wa tatu mikononi mwa waasi. Saa za asubuhi hazikuwa mbaya, vijana walikuwa shuleni. Taabu ilikuwa alasiri. Magari ya askari yalipita, kijana aliyekutwa amesimama barabarani bila kazi aliweza kupandishwa, na mama yake akapata habari zake baada ya wiki kutoka njia ya Shabunda, kulikokuwa na mapigano, au asizipate. Abbé Ignace, padri aliyeshughulikia vijana wa parokia yetu, akaona afadhali wakae ndani wakicheza kuliko kuzunguka. Ukumbi alikuwa nao. Skrini pia alikuwa nayo, kubwa na nzito, iliyoachwa na padri mmoja Mfaransa aliyeondoka wakati wa vita vya kwanza, mwaka 1996. Haikuwa televisheni kamili. Tuliiita moniteur: haikuwa na mahali pa antena, na nyuma yake kulikuwa na tundu moja tu, pana kama kidole cha kati, lenye vijitundu vingi ndani. Tundu la namna hiyo linaitwa peritel.

Kilichokosekana ni mashine ya michezo. Sisi wamama wa parokia, na mimi nilikuwa katibu wao, tulikaanga mikate na kuiuza baada ya misa mpaka fedha zikapatikana. Prof ndiye aliyetumwa kwenda kuichagua. Hata jina lingine halikutajwa.

Tulikwenda naye soko la Kadutu, kwa mama mmoja aitwaye Cibalonza. Alikuwa mjane wa miaka kama arobaini, mfupi, mwenye mikono yenye makovu ya chuma cha kuunganishia nyaya. Kila wiki alivuka daraja la Ruzizi kwenda Cyangugu, ng'ambo ya mpaka, na kurudi na redio, video na mashine zilizotumika, ambazo alizipanga juu ya meza yake kwa ukubwa. Shule aliiacha mwaka wa nne wa msingi. Lakini hakuuza kitu ambacho hakukijaribu kwanza nyumbani kwake, na wateja wake walilijua hilo.

Prof alimweleza ni skrini ya namna gani tuliyo nayo. Cibalonza akafikiri kidogo, akainama chini ya meza, akatoa mashine ya kijivu. Akaifuta vumbi. Kisha akatoa waya yake, na mimi nikageuza macho kidogo, maana ilikuwa mbaya: nene, imefungwa utepe mweusi mahali patatu, na kichwa chake cha peritel kilikuwa na gundi ya manjano iliyokaukia pembeni.

"Prof, hii fil njo yake," alisema akiinyoosha ile waya. "Mu moniteur ya Bafaransa, hii njo inaleta rangi. Musiibadilishe."

"Sawa, maman."

"Narudilia tena: musiibadilishe. Kwa macho iko mubaya, lakini kazi inafanya."

"Maman Cibalonza," Prof akasema akitabasamu, "umeme njo kazi yangu."

Tulicheka wote watatu. Hata yeye alicheka.

Ukumbi ulifunguliwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Vijana walikuwa wamejaa mpaka madirishani, na mbele waliketi masista wawili, mkuu wa shule yetu na wazee wa kamati ya parokia wakiwa wamevaa makoti. Prof alifika mapema kupanga vitu mezani. Aliniambia baadaye kwamba alipoitoa ile waya na kuilaza juu ya kitambaa cheupe tulichotandika, aliona haya. Ilionekana kama kitu kilichookotwa mferejini. Akakumbuka kwamba nyumbani anayo waya ya video yake, nyeusi, ya kung'aa, ambayo kaka yake alimletea kutoka Dubai pamoja na televisheni. Upande mmoja ilikuwa na vichwa vitatu vya mviringo, cha njano, cheupe na chekundu. Upande wa pili ilikuwa na kichwa kipana cha peritel, sawa kabisa na kile cha Cibalonza. Na mashine ile nyuma yake ilipokea namna zote mbili.

Akaenda mbio kwake, akarudi nayo. Ile ya Cibalonza akaiviringisha na kuitia kwenye mkoba wake wa shule. Nilimwona.

"Prof, si alisema tusibadilishe?" nikamwuliza.

"Peritel ni peritel, Madame Françoise. Angalia mwenyewe, si vichwa ni sawa?"

Niliangalia. Kwa kweli vilikuwa sawa.

Abbé akabariki ukumbi, Prof akasema maneno machache juu ya sayansi na amani, akawasha. Umeme ulikuwepo. Picha ikaja, safi, bila kutetemeka, na yote ilikuwa ya kijivu.

Tulingoja. Wengine walidhani ndivyo inavyoanza. Vijana wawili wakashika vidude vya kuchezea, mchezo wa mpira ukaanza, na hapo ndipo shida ilipoonekana vizuri, kwa sababu timu moja ilipaswa kuvaa jezi nyekundu na nyingine kijani, na zote mbili zilitoka kijivu kilekile. Wakapigiana pasi kwa adui. Mlinda mlango akampa mpira mtu wa upande mwingine, akafungwa, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko cha furaha. Lakini Prof alikuwa amesimama mbele, jasho likimtoka kwenye paji la uso, akibonyeza hiki na kile, na yeye alisikia kwamba anachekwa yeye.

Akazima mashine. Akageukia watu.

"Rangi imekufa ndani," akasema kwa sauti ya darasani. "Si kosa la skrini. Mashine hii ni maiti. Tumeuziwa maiti."

Mzee mmoja wa kamati akauliza ilitoka wapi.

"Ng'ambo," Prof akajibu. Akaona wanamsikiliza, akaongeza: "Ndivyo vilivyo vitu vya ng'ambo. Wanatuletea maiti ili tuzike sisi."

Safari hii watu hawakucheka. Walinung'unika, na wengine wakatikisa kichwa kwa kukubali. Anayetaka kuelewa inabidi akumbuke mwaka wenyewe. Ng'ambo ya Ruzizi ndiko kulikotoka nguvu za wale waliotushika, na mtu akilitaja neno hilo kwa sauti ile, hakuna aliyedhani anazungumzia forodha. Prof aliniapia kwamba alitaka tu kuyaondoa macho ya watu juu yake. Ninamsadiki. Maneno yalikuwa yametoka.

Na mimi ndiye niliyeyabeba. Jumanne, kwenye kikao cha wamama, walioshindwa kuja Jumapili waliniuliza mambo yalikwendaje. Nikasema: "Prof amesema yule mama wa Kadutu anatuletea maiti za ng'ambo." Prof hakutaja Kadutu wala mama yeyote. Hayo niliyaongeza mimi, kwa sababu sentensi ilisikika vizuri zaidi hivyo. Nafundisha lugha, masikio yangu yamezoea kutengeneza sentensi.

Alhamisi Cibalonza akaja parokiani mwenyewe, kwa miguu, akiwa amevaa kitenge cha misa. Habari zilikuwa zimemfikia sokoni. Abbé akamwita Prof na mimi kutoka shuleni, tukakutana ofisini kwake.

"Abbé, ile mashine niliijaribu kwangu siku mbili," alisema. "Iko muzima. Nataka tu kuona fil gani waliweka."

"Fil si problème, maman," Prof akasema. "Problème ni mashine."

"Ile fil nilikupatia iko wapi?"

"Nimeiweka nyumbani."

"Basi muliibadilisha." Hakupaza sauti. "Niliwaambia mara mbili. Madame alikuwa hapo."

Abbé Ignace akanitazama. Ningeweza kusema ndiyo, alituambia mara mbili. Nikaangalia saa yangu kama mtu mwenye kipindi.

"Prof, unasemaje?" Abbé akauliza.

"Abbé, ninafundisha umeme tangu miaka kumi na tisa."

Cibalonza alisubiri. Alipoona hakuna neno jingine litakalosemwa, alimuaga Abbé kwa heshima na kushuka ngazi. Ili kuonyesha kwamba hana chuki, Prof akasema ataichukua mashine kwake aifungue, huenda kuna kitu cha kuokoa.

Jumamosi mchana aliiweka mezani sebuleni. Kabla ya kufungua parafujo hata moja, alitaka kuona ule ugonjwa tena, basi akaiunganisha na televisheni yake kwa waya ileile inayong'aa. Picha ikaja na rangi zake zote. Nyasi za kijani, jezi nyekundu, anga ya buluu. Mashine ilikuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Alikaa pale, aliniambia, kwa muda ambao hakuupima. Kisha akaenda kwenye mkoba wa shule, akaitoa ile waya yenye utepe, akavilaza vichwa viwili vya peritel sambamba mezani na, kwa mara ya kwanza, akavitazama kwa ndani. Umbo lilikuwa moja. Meno hayakuwa sawa. Kile cha waya yake kilikuwa na meno machache, na sehemu kubwa ilikuwa tupu. Kile cha Cibalonza kilikuwa kimejaa karibu chote. Hakuhitaji kitabu. Skrini ya padri ilitengenezwa Ufaransa, nayo ilijua kusoma rangi kwa utaratibu wa Ufaransa tu. Mashine ilizituma kwa utaratibu mwingine. Ukiipa picha yote kwa uzi mmoja, kama waya yake ilivyofanya, skrini inaona mwanga na giza peke yake. Waya ya Cibalonza ilipeleka nyekundu kwa uzi wake, kijani kwa uzi wake na buluu kwa uzi wake, na hapo skrini haikuwa na kitu cha kufasiri. Televisheni ya kwake, ya Dubai, ilisoma taratibu zote, ndiyo maana hakuwahi kujua. Ni somo la dakika kumi. Angeweza kulifundisha akiwa amefumba macho.

Mkewe, Virginie, muuguzi, akapita akielekea jikoni. Akaona rangi kwenye televisheni.

"Kumbe ni nzima?"

"Bado naangalia," Prof akasema, akazima.

Wiki nzima hakusema kitu. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta akifundisha kama kawaida, ila mara mbili alisimama katikati ya sentensi. Alikuwa anatafuta njia ya kurudisha rangi bila kurudisha maneno, na akadhani ameipata. Jumapili akaichukua mashine, akaichukua waya ya Cibalonza, akatangulia ukumbini kabla ya misa kwisha. Akaviunganisha peke yake. Vijana walipoingia, mpira ulikuwa unachezwa tayari kwenye skrini, nyekundu kwa kijani.

Alitaka, aliniambia, waone tu na wakae wacheze. Hakulifikiria lililofuata. Ukumbi ulilipuka. "Prof! Prof! Prof ameifufua!" Walimbeba juu, mtu mzima yule mwenye kalamu mbili, wakamzungusha. Nilikuwepo, nilipiga makofi mpaka mikono ikawaka. Abbé Ignace akamshika mkono mbele ya watu, akasema kwamba Mungu hakuunyima mtaa huu akili. Mzee wa kamati akasema kwa sauti kubwa: "Hata maiti ya ng'ambo, Prof wetu anaiamsha!"

Nilimwona Prof akifungua mdomo. Akaufunga. Akatabasamu.

Sisi wamama tulimpelekea Virginie kitenge kwa shukrani, kipande kizima, chenye maua ya zambarau.

Huko Kadutu hadithi ilifika ikiwa imenenepa. Sasa haikuwa tena kwamba mashine ilikuwa mbovu. Ilikuwa kwamba Cibalonza aliuzia kanisa maiti, makusudi, na kwamba mtaalamu amethibitisha kwa kuifungua. Watu waliokuwa jirani zake sokoni kwa miaka walisogeza meza zao. Mtu akaanza kusema anakula na askari, vinginevyo angewezaje kuvuka kila wiki. Jumatano asubuhi alikuta meza yake imevunjwa miguu na redio zake zimetupwa kwenye matope ya mvua ya jana. Hakuna aliyeona, ingawa soko lile halikosi macho hata saa moja.

Habari hiyo ilitufikia shuleni wakati wa mapumziko. Prof alikuwa anakula muhogo. Akauweka chini.

Jioni ile Virginie alikuwa ametandika kile kitenge kitandani kukipima, anataka kushona. Prof akamwambia kila kitu, kuanzia utepe mweusi mpaka kubebwa juu. Virginie hakugombana. Alikikunja kitenge kwa mikunjo yake ya dukani, akakiweka juu ya kabati, akasema: "Hiki sitakivaa." Halafu akaenda kuangalia chungu. Prof aliniambia kwamba angependelea apigwe.

Kesho yake alipanda Cimpunda, mtaa wa mlimani ambako Cibalonza alikuwa akikaa. Alimkuta mlangoni ameketi kwenye kibao, mbele yake beseni, akisugua tope ndani ya redio kwa mswaki. Prof alibaki amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti.

"Maman Cibalonza, nimekuja kuomba msamaha. Mashine ilikuwa nzima. Nilibadilisha fil. Fil yako ndiyo ilirudisha rangi, mimi sikutengeneza kitu."

"Najua," akasema, mswaki ukiendelea.

"Unajua?"

"Prof, mashine niliijaribu mimi. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ni weye ulikuwa haujue."

Prof akasema atalipia redio. Cibalonza akaweka mswaki chini.

"Sikukuita kulipa. Sikiliza. Ulisema mbele ya batu, si ni vile?"

"Ndiyo."

"Batu bote ba parokia. Na sasa unakuja kuniambia mimi, hapa, peke yangu. Mimi nilikuwa najua tayari. Nitafanya nini na hiyo msamaha?" Akachukua redio nyingine kutoka kwenye rundo. "Nenda uwaambie bale."

Akishuka kutoka Cimpunda, Prof alipita njia ya nyuma ili asikutane na wanafunzi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Abbé Ignace, akaomba nafasi wakati wa matangazo. Abbé alisikiliza yote, uso ukazidi kuwa mzito. Yeye pia alikuwa amemsifu mbele ya watu.

"Prof, tuliache polepole," akasema. "Vijana wanacheza, wazazi wametulia. Tukianza tena habari za nani alisema nini, katika hali hii ya mji..."

"Redio zake zilitupwa kwenye matope, Abbé."

"Nitamtembelea mimi."

Prof akatoka. Ningependa kusema kwamba alisimama Jumapili iliyofuata. Hakusimama. Abbé hakumwita, naye akakaa benchi la tatu, akaimba nyimbo zote. Jumapili ya pili pia. Aliniambia kwamba nafuu aliyoipata Abbé alipomkatalia ndiyo inayomwaibisha kuliko yote mengine, zaidi ya waya, zaidi ya kubebwa juu. Kwamba alitoka ofisini mle akiwa mwepesi.

Jumapili ya tatu, matangazo yalipokwisha, akainuka bila kuitwa. Akaenda mbele. Alikuwa na mkoba wake wa shule.

"Ndugu zangu, mimi ni Barthélemy Cishugi, mnanijua. Mashine ya vijana haikuwa maiti. Mama aliyetuuzia alituambia tusibadilishe waya, mimi nikaibadilisha kwa sababu ilikuwa mbaya kutazama. Niliporudisha waya yake, rangi zikarudi. Sikutengeneza kitu. Mlinisifu nikanyamaza. Na lile neno nililosema juu ya ng'ambo, nililisema kuficha aibu yangu. Yule mama amevunjiwa meza kwa sababu ya neno hilo."

Kisha nyuma yangu nikasikia mwanamke akimnong'oneza mwenzake: "Unaona moyo wa Prof? Anamfunika yule mama." Na mwingine akajibu: "Ni mnyenyekevu kweli." Nadhani Prof alizisoma nyuso zetu, maana alisimama pale akitutazama kama anavyotazama darasa ambalo halikuelewa.

"Twendeni ukumbini," akasema. "Wote. Sasa hivi."

Wengi tulimfuata. Aliiwasha mashine kwa waya yake inayong'aa: kijivu. Akaichomoa, akaweka ile yenye utepe: nyekundu, kijani, buluu. Akaichomoa tena. Kijivu. Alifanya hivyo mara tano, sita, bila kuongea, mpaka msichana mmoja wa mwaka wa pili aliyesimama mbele akasema kwa sauti aliyoisikia kila mtu: "Kwa hiyo alikuwa anasema ukweli, na ninyi wakubwa mkamvunjia meza." Hapo watu wakaanza kutoka, mmojammoja, wakiangalia chini.

Mzee wa kamati alikwenda Kadutu Jumatatu kusema na wale wa soko. Meza ikatengenezwa, na fundi hakutaka kutaja aliyemwita. Lakini Cibalonza hakurudi kukaa nyuma yake. Alikuwa ameshashuka Kamanyola, kule bondeni, kwa dada yake, na waliobaki sokoni walisema aliondoka na redio tatu tu zilizokubali kuwaka.

Prof aliendelea kufundisha. Wanafunzi walimpachika jina Peritel, na yeye akaliitikia bila kumwadhibu yeyote. Watu walipungua kumletea pasi zao. Aliyekuja, Prof alimwambia: "Ngoja kwanza niijaribu," na alimwacha akiwa ameketi kwenye kiti mpaka amalize. Mara mbili alichukua gari kwenda Kamanyola, na barabara ile wakati ule haikuwa ya matembezi. Mara ya kwanza hakumkuta. Mara ya pili alimkuta, akamwambia kwamba amesema mbele ya watu na jinsi alivyosema.

"Nilisikia," Cibalonza alimjibu. "Ni muzuri. Sina neno na weye tena, Prof. Lakini kukuamini, hapana."

"Ni haki yako, maman."

Alimpa maji ya kunywa, kwa sababu ya jua la bondeni. Prof akanywa, akapanda gari la kurudi.

Mwaka 2003, makubaliano ya amani yalipotiwa sahihi na njia zikafunguka kidogo, Cibalonza alirudi Bukavu. Hakurudi Kadutu. Alipata mahali padogo karibu na bandari, akauza tochi na vitu vya redio. Nilimwona siku moja nikitoka shuleni, nikamtambua kwa mikono. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote, hata Prof, nani aliyeongeza lile neno "mama wa Kadutu", wala kwa nini niliangalia saa siku ile ofisini. Nilivuka barabara. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, mazuri, ya mwalimu wa lugha.

Aliinua macho. Kama alinitambua, hakuonyesha.

"Karibu, madame. Unatafuta nini?"

Nikasema ninatafuta betri, mawe ya redio.

"Ngapi?"

"Manne," nikasema. Akanifungia kwenye karatasi, nikayachukua, nikaenda nyumbani.